Soko Lilipofunga Milango kwa Ajili ya Mafuta: Kisa cha Wafanyabiashara wa Tehran, 1949 hadi 1953

Kikoba chetu hukutana Jumatano jioni, nyuma ya duka la vitenge hatua chache kutoka Soko la Kilombero, hapa Arusha. Mwezi ule kikao kiliangukia Jumatano ya kwanza, siku ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli na dizeli, na bei zilikuwa zimepanda. Dada mmoja anayeuza mitumba alikuja moja kwa moja kutoka kushusha belo zake. Alikuwa ameongezewa nauli ya mzigo kwa mara ya pili. Kabla hata hajakaa akasema: "Serikali iyachukue haya mafuta. Iagize yenyewe, iuze yenyewe, tujue moja." Tulikuwa watu kumi na wanne. Sikusikia aliyepinga.

Mzee wetu mweka hazina, ambaye kwao walikuwa na duka Moshi miaka ya sabini, akanigeukia. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, na rafu nzima ya mbele ni oili. "Na oili ya huyu kijana," akauliza, "nayo ichukuliwe?"

Dada wa mitumba akanitazama, akanyamaza. Moyo ulinipiga. Nilijikuta natafuta maneno ya kueleza kwa nini petroli ni mali ya taifa lakini oili ya chupa ya lita moja ni riziki yangu, na maneno hayakuja.

Nimesoma kisa cha Iran na utaifishaji wa mafuta yake kwa miaka kadhaa sasa, na jioni ile ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nakisoma kama mtazamaji wa mpira aliyeketi jukwaani. Kisa chenyewe husimuliwa zaidi kama ugomvi wa Waziri Mkuu Mohammad Mosaddegh na Waingereza, kisha Wamarekani wakaingia na mambo yakaharibika. Wenye maduka huonekana pembeni, umati usio na sura. Nataka kuwasogeza mbele, kwa sababu bila wao sioni namna utaifishaji ule ungeweza kusimama kwa miaka miwili na zaidi.

Daftari lililobaki London

Mwaka 1901 mfalme wa Iran alimpa William Knox D'Arcy haki ya kutafuta na kuchimba mafuta katika sehemu kubwa ya nchi kwa miaka 60. Iran ingepata asilimia 16 ya faida. Mafuta yalipatikana Masjed Soleyman mwaka 1908, kampuni ikaundwa mwaka uliofuata, na mwaka 1914 serikali ya Uingereza ikanunua zaidi ya nusu ya hisa zake. Mwaka 1933 mkataba uliandikwa upya na mwisho wake ukasogezwa hadi 1993. Kufikia 1950 kiwanda cha kusafishia mafuta cha Abadan kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani.

Mwenye duka akisoma habari hii hasimami kwenye ile 16. Anauliza: faida inahesabiwa na nani? Ukiwa na ubia na mtu, yeye ndiye anayenunua, yeye ndiye anayeuza, yeye ndiye anayeandika, na kila mwisho wa mwaka anakuletea bahasha akikwambia hili ndilo fungu lako, huo si ubia. Wairani hawakuruhusiwa kukagua vitabu vya kampuni. Hesabu ya mwaka 1933 ilibadilisha namna ya kukokotoa mrabaha, lakini daftari likabaki London. Na kilichoonekana kwa nje kilitosha kuchoma: mwaka 1950 kodi ambayo kampuni iliilipa serikali ya Uingereza ilikuwa kubwa kuliko kiasi ambacho Iran, mwenye kisima, ililipwa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wanahistoria hulitaja haraka na mimi sitaki kulipita. Tangu mkataba wa mwanzo, vifaa vya kazi ya kampuni viliingia nchini bila ushuru. Fikiria wewe umesimama forodhani unalipia kila boksi, na jirani yako anapitisha mzigo wake mchana kweupe bila kutoa senti. Huhitaji mtu wa kukupa hotuba ya siasa.

Soko lenyewe

Soko kuu la Tehran ni mji ndani ya mji. Ni vichochoro vilivyoezekwa kwa matao ya matofali, mwanga ukiingia kwa matundu ya juu, na kila biashara ina kichochoro chake: wauza mazulia huku, wafua shaba kule, wauza viungo mbele zaidi. Misikiti imo ndani humo humo. Mtu anaweza kufungua duka, kuswali, kukopa, kupatanishwa na mdeni wake na kupata habari za nchi bila kutoka chini ya paa.

Kinacholishika soko la namna hii ni mali kauli. Mwenye jumla anamwachia mwenye rejareja mzigo kwa neno lake, naye anamwachia mchuuzi. Deni linatembea kwa majina ya watu, na jina lako likiharibika kichochoro kimoja, kesho limeharibika vyote. Ndiyo maana soko likisema "kesho hatufungui," anayefungua hapotezi wateja wa siku moja, anapoteza watu wa kumkopesha mwaka mzima. Sisi tuliona kidogo ya nguvu hii Kariakoo mwezi Mei 2023, na tena Juni 2024, maduka yalipofungwa na serikali ikalazimika kuja kukaa na wafanyabiashara.

Tehran walikuwa na kumbukumbu ndefu ya silaha hiyo. Mwaka 1890 mfalme alimpa Mwingereza haki ya peke yake ya kununua na kuuza tumbaku yote ya nchi. Wafanyabiashara wakafunga maduka, viongozi wa dini wakaiharamisha tumbaku, watu wakaacha kuvuta, na mapema mwaka 1892 mkataba ukafutwa. Desemba 1905 gavana wa Tehran aliamuru wauza sukari wachapwe viboko vya nyayo kwa kupandisha bei, wakati sukari ilikuwa imeadimika kwa sababu ya vita vya Urusi na Japani. Mmoja wao alikuwa mzee wa kuheshimika sana. Soko likafungwa. Kiangazi kilichofuata watu wanaokadiriwa kufika 14,000 walikwenda kukaa kwenye bustani za ubalozi wa Uingereza, kila chama cha ufundi na biashara na hema lake, masufuria ya wali yakichemka, hadi mfalme akakubali katiba na bunge.

Angalia basi walikokimbilia: kwa Waingereza. Hawa hawakuwa watu wenye chuki na wageni ya kuzaliwa nayo. Miaka 45 baadaye watoto na wajukuu zao waliwapinga Waingereza hao hao kwa sababu zilizoandikwa kwenye hesabu.

Kutoka geti la ikulu hadi bungeni

Oktoba 1949 Mosaddegh aliongoza umati hadi ikulu kulalamikia wizi wa kura. Wanafunzi walikuwamo, na wenye maduka walikuwamo. Kutokana na maandamano hayo ikazaliwa Jebhe-ye Melli, yaani Muungano wa Taifa. Haukuwa chama cha kadi na matawi. Ulikuwa mwavuli, na soko lilikuwa mpini wake mmoja. Mpini mwingine alikuwa kiongozi wa dini, Ayatollah Abol-Qasem Kashani, ambaye neno lake lilisikika sokoni kuliko la mwanasiasa yeyote.

Kampuni ilileta mkataba wa nyongeza wenye malipo bora kidogo. Ungekuja miaka kumi kabla pengine ungepita. Lakini Desemba 1950 Saudia ilikubaliana na Wamarekani kugawana faida nusu kwa nusu, na habari hiyo ikafika Tehran. Mteja akishajua bei ya duka la jirani, huwezi kumuuzia tena kwa bei yako ya jana.

Machi 7, 1951 Waziri Mkuu Ali Razmara, aliyepinga utaifishaji, alipigwa risasi na kuuawa msikitini, ndani ya eneo la soko. Sipendi kuipita damu hiyo kana kwamba ni kituo cha basi tu. Waliounga mkono utaifishaji kwa kura na kwa maandamano walijikuta safari moja na waliokuwa tayari kuua, na ushirika huo uliwagharimu baadaye. Machi 15 Bunge likapitisha utaifishaji, siku tano baadaye Seneti ikaridhia. Mwisho wa Aprili Mosaddegh akawa Waziri Mkuu. Mwanzoni mwa Oktoba Waingereza wa mwisho wakaondoka Abadan.

Gharama

Hapa ndipo uungaji mkono unapopimwa, maana kupiga makofi hakuna gharama. Uingereza ilizuia mafuta ya Iran yasinunuliwe. Meli ya Rose Mary iliyojaribu kuyabeba ilizuiliwa Aden mwaka 1952. Fedha za Iran zilizokuwa katika benki za London zikabanwa, na bidhaa kama sukari na chuma zikazuiwa zisiende Iran. Sukari tena! Kwa anayeuza sukari kwa kupima, na hapa kwetu duka la mangi linaishi kwa sukari, sabuni na mafuta ya kula, hiyo si habari ya kidiplomasia. Ni rafu tupu.

Mwaka 1952 serikali iliyokosa mapato ikatoa hati fungani za taifa na kuwaomba wananchi waikopeshe. Watu wa kipato cha chini na cha kati walinunua, wa sokoni wakiwamo. Matajiri wakubwa hawakujitokeza kwa kiasi hicho, na tofauti hiyo inatueleza jambo: soko halikuwa kitu kimoja. Msafirishaji wa mazulia na matunda makavu alikuwa na sababu ya kuvumilia, kwa kuwa thamani ya rial ilishuka na bidhaa yake ikawa rahisi kwa mnunuzi wa nje. Uagizaji ulibanwa, mauzo ya nje yasiyo ya mafuta yakapanda, hadi ukiacha mafuta pembeni Iran ikawa inauza kuliko inavyonunua. Mwagizaji mkubwa mwenye marafiki ikulu aliona upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo.

Julai 1952 Mosaddegh alijiuzulu baada ya mfalme kumkatalia wizara ya vita. Soko likafungwa. Kashani akaita watu barabarani. Julai 21 askari walifyatua risasi, makumi wakafa, na jioni Waziri Mkuu mpya akaachia ngazi. Mosaddegh akarudi. Kesho yake Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua kwamba haina mamlaka ya kusikiliza shauri la Uingereza. Sidhani kama soko la Tehran lilipata kuwa na wiki kubwa kuliko hiyo.

Mkate

Kisha ikaja mikate.

Bei ya chakula ilikuwa inapanda, na serikali ikaona njia: ifungue tanuri zake za mikate ili kushusha bei. Kwa mwananchi wa kawaida wazo hilo ni zuri kama lile la mafuta. Vyama vya soko vilikuja juu, Kashani akiwaunga mkono, vikisema serikali haina haki ya kuingilia biashara huria. Kampuni ya simu ikataifishwa. Yakaja mazungumzo ya kutaifisha mabasi ya Tehran. Hossein Makki, aliyekuwa mmoja wa watu waliotumwa Abadan kuikabidhi kampuni kwa taifa na akashangiliwa nchi nzima kwa hilo, sasa akaonya kwamba kwa mwendo huu nchi itaishia kama Umoja wa Kisovyeti.

Mtu yule yule, na neno lile lile, kutaifisha. Kilichobadilika ni umbali kati ya kitu kinachochukuliwa na meza ya muuzaji.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo, na najua wapo watakaoupinga. Wengi huliita jambo hili usaliti, au hulitumia kudai kwamba wafanyabiashara hawana uzalendo isipokuwa wa mfukoni. Sikubali. Wenye maduka wa Tehran walielewa utaifishaji kuwa ni kumwondoa mtu mmoja mkubwa, wa nje, aliyeshika mlango peke yake na kuficha hesabu. Walipigania soko lililo wazi, kama walivyopigania tumbaku. Serikali nayo ilielewa neno hilo kuwa ni mamlaka ya taifa kushika chochote kinachowaumiza wananchi. Pande zote mbili zilikuwa za kweli, na pande zote mbili hazikuulizana. Kosa ninaloliona ni la uongozi: walioshika usukani walichukua mkopo wa hisani kutoka sokoni bila kuandikiana mpaka wake, na mpaka ulipofikiwa kila upande ukaona umeibiwa.

Kufikia mwanzoni mwa 1953 Kashani na Makki walikuwa wameshamwacha Mosaddegh.

Mizani ya Moshi

Mzee wa kikoba alipouliza lile swali hakuwa na habari ya Tehran. Alikuwa anamkumbuka baba yake.

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. Mabenki yakataifishwa, na kampuni kubwa za kuingiza na kutoa bidhaa nje. (Mosaddegh, aliyekuwa bado chini ya kifungo cha nyumbani, alifariki Machi 5, mwezi mmoja kamili baadaye. Ni sadfa tu, lakini kila mara nikiziona tarehe hizo mbili pamoja husimama.) Baba yake mzee alikuwa na duka la rejareja Moshi, na mzee anasema siku zile nyumbani kwao kulikuwa na furaha ya kweli. Wauzaji wa jumla walikuwa wachache na wa mbali. Mwafrika mwenye duka dogo alichukua mzigo kwa masharti yao au alikaa bila mzigo. Shirika la umma la biashara lilipoingia, baba yake aliona mlango umefunguliwa.

Mwaka 1976 ukaja Operesheni Maduka, kwamba maduka ya watu binafsi yafungwe na ya ushirika yachukue nafasi yake. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vyenyewe vilivunjwa, pamoja na KNCU ya Moshi iliyokuwapo tangu 1933. Operesheni haikufika mbali kabla ya kusitishwa, lakini ilitosha. Baba yake alifunga mizani ya sukari kwenye gunia na kuisukuma uvunguni. Mzee anayo hadi leo. Niliiona nilipokwenda kumjulia hali: sahani ya shaba imebonyea upande mmoja, mawe ya kupimia yamo kwenye kopo la maziwa, lile la robo kilo halipo.

"Baba alipenda Azimio hadi anakufa," akaniambia. "Ila mizani hakuirudisha mezani mpaka alipoambiwa mara tatu kwamba ni ruhusa."

Nikamuuliza sasa kwa nini aliuliza kuhusu oili yangu. Akasema: "Mwanangu, nilitaka mjue mnachokitamka kinaishia wapi. Mkishakijua, kitamkeni."

Paa

Mwisho wa kisa cha Tehran hauwaachi wasimuliaji wa usaliti salama. Agosti 19, 1953 Mosaddegh aliangushwa kwa mapinduzi yaliyopangwa na kugharimiwa na wapelelezi wa Marekani na Uingereza. Sehemu ya soko ilikuwa imeshachoka, sehemu ilifuata waliohama, na hilo siwezi kulificha. Lakini miezi michache tu baadaye, Mosaddegh akiwa anapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, soko lilifungwa kumtetea. Hapakuwa na faida yoyote ya kutafuta wakati huo. Mtu aliyeshindwa hana leseni ya kukupa wala ushuru wa kukusamehe. Utawala wa kijeshi ukajibu kwa kubomoa sehemu ya paa la soko, yale matao ya matofali, juu ya vichwa vya wenye maduka.

Mwaka 1954 mafuta yalikabidhiwa muungano wa kampuni za nje: asilimia 40 kwa kampuni ile ile ya Kiingereza, 40 kwa Wamarekani, 14 kwa Shell, 6 kwa Wafaransa. Faida ikawa nusu kwa nusu. Kwa karatasi, mafuta yalibaki mali ya Iran.

Kikao kilichofuata niliwasomea wenzangu sehemu hiyo ya paa. Dada wa mitumba aliuliza kama soko lile lilipata kusimama tena na watu wa mafuta. Nikamwambia ndiyo. Mwaka 1978, wafanyakazi wa visima na wa Abadan walipogoma dhidi ya mfalme yule yule, familia zao zilihitaji kula, na miongoni mwa waliochanga fedha za kuwalisha walikuwamo wenye maduka wa soko la Tehran. Akauliza walichangaje. Nikamwambia kama sisi: kwa majina, mkono kwa mkono.